Fonti nene kwenye logo: tunabishania kitu ambacho siyo

Siku hizi ukiangalia kazi za madizaina wengi kuna kitu kinajirudia, jina la brandi limeandikwa kwa herufi nene kweli kweli, zimebanana, zimejaa kuanzia ukingo huu mpaka ule, na hapo ndo utambulisho umekwisha. Kuna wanaoipenda hii staili sana na kuna wasiotaka hata kuiona. Mimi naona pande zote mbili zina hoja za maana ila muda mwingi wanabishana kama inapendeza au haipendezi, wakati cha kuuliza ni hiyo fonti imepewa kazi gani.

Nianze na wanaoitetea, sababu historia iko upande wao. Herufi hizi hazikutengenezwa kwa ajili ya vitabu. Zilitokea London mwanzoni mwa karne ya 19, matangazo ya ukutani yalipokuwa yanaongezeka na kila mfanyabiashara anataka lake lionekane kabla ya la mwenzake, herufi za vitabuni zilikuwa nyembamba mno kwa kazi hiyo, ndo wachonga herufi wakaanza kuzinenepesha. Kule Marekani Darius Wells naye mwaka 1827 akapata njia ya kutengeneza herufi za mbao kwa wingi, maandishi makubwa yakawa rahisi kuchapa. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba fonti nene inapiga kelele, ni kweli, iliitwa ije ifanye hivyo. Na brandi changa ambayo hakuna anayeijua inaihitaji hiyo sauti, mtu anapitisha kidole kwenye simu haraka haraka, una nafasi ndogo sana ya kumfanya asome jina lako hata mara moja.

Halafu unene unabeba tabia, hili watu wanalisahau. Chukua easyJet, tangu ianze mwaka 1995 jina lake liko kwenye Cooper Black, fonti aliyoichora Oswald Cooper wa Chicago ikatoka 1922. Nene sana ile, lakini kona zake zote zimelainishwa, kwa hiyo ni kubwa bila kutisha, na kwa shirika la ndege linalotaka abiria wa kawaida aone hapa na mimi naweza, inakaa vizuri kabisa. Sasa weka pembeni yake Impact ya Geoffrey Lee ya mwaka 1965. Nayo nene, lakini imekazwa, imesimama wima, haina upole wowote, na juu ya hapo imekuja kutumika mno kwenye picha za vichekesho vya mtandaoni kiasi kwamba brandi inayojiandika kwa Impact leo inaanza na mzigo ambao haikuutafuta. Zote mbili ni fonti nene ila zinaongea mambo tofauti kabisa, kwa hiyo mteja akikwambia nataka kitu cha boldi, yaani kinene, bado hajakwambia kitu.

Upande wa pili sasa. Hoja yao nzito kuliko zote ni kufanana. Chukua brandi kubwa za mitindo ya mavazi, mwaka 2017 Balenciaga walibadilisha logo, 2018 wakafuata Burberry na Balmain, wote wakaenda kwenye herufi kubwa nzito zisizo na vimkia, vile vimistari vidogo vya kwenye ncha za herufi, na ukiziweka pamoja unaona kama zimetoka kwa mtu mmoja. Burberry 2023 wakarudi kwenye herufi nyembamba zenye vimkia. Na hao ni watu wenye hela ya kuchorewa fonti yao peke yao! Sasa wewe unayeshusha Bebas Neue au Anton, fonti za bure ambazo kila mtu anazo, ukaandika jina ukaliacha hivyo hivyo, utambulisho wako uko wapi hapo? Kuonekana utaonekana, kukumbukwa ni habari nyingine.

Hoja nyingine ni ya udogo. Herufi inatambulika kwa weupe ulio ndani yake na pembeni yake, yale matundu ya a, e na g, na ukinenepesha herufi unayala hayo matundu. Kwenye bango kubwa hutaona shida, lakini logo hiyo hiyo inatakiwa ikae kwenye kialama cha tovuti, kile kidogo cha juu kwenye kivinjari, cha pikseli 16 kwa 16 na hapo e inageuka kidoti. Kuna wanaojibu kwamba unene unasaidia wenye uoni hafifu, na miongozo ya WCAG ya ufikivu wa tovuti kweli inahesabu maandishi ya boldi kuwa makubwa kuanzia pointi 14 badala ya 18, yanaruhusiwa utofauti mdogo zaidi kati ya rangi ya maandishi na ya nyuma yake, 3:1 badala ya 4.5:1. Ila mimi siwezi kuichukua hiyo kama kibali cha kunenepesha mpaka mwisho. Boldi ya wastani inasaidia jicho, unene uliopitiliza unaliziba, na ukiandika aya nzima kwa fonti ya namna hiyo msomaji anachoka kabla hajafika mstari wa tatu.

Mimi niko na wanaoitetea, lakini kwa masharti, na sharti langu kubwa ni huo weupe. Logo ya 1994 ya FedEx, kampuni ya kusafirisha vifurushi, inafundisha vizuri sana hapa. Dizaina wake Lindon Leader alikuwa na fonti mbili, Univers na Futura Bold, zote nzito, hakukubali kuchukua moja ilivyo, akachanganya tabia za zote mbili akarekebisha maumbo mpaka ule mshale ukatokea katikati ya E na x. Mshale haujachorwa, ni nafasi iliyobaki! Kwa unene ule nafasi zinakuwa na umbo linaloonekana, ndo maana naamini ukiwa na fonti nene kazi yako kubwa iko kwenye kile ambacho wino haujagusa, unakata herufi hapa, unasogeza pale, na jina lenyewe ndo linakuonyesha pa kukata. Hiyo kazi watu wengi wanairuka. Na kama unataka kuzigusa herufi soma leseni kwanza, siyo kila fonti inaruhusu hayo marekebisho.

Mengine hayana maneno mengi. Fonti nene iandike jina na vichwa vya habari, maelezo yapewe fonti tulivu ya kusomeka, na toleo la logo la saizi ndogo lichorwe kivyake likiwa na matundu mapana zaidi. Jina likiwa la herufi nne au tano mimi nitasema nenepesha tu bila woga. Likiwa la maneno matatu marefu nitasema hapana, sababu ili litoshe kwenye upana wa simu itabidi ulipunguze, na ukishalipunguza ule unene ulioufuata hautauona tena.