Mitungi ya bure peke yake haitaumaliza mkaa

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Naliunga mkono lengo hili kwa moyo wote. Katika mengi yanayosemwa kuhusu mabadiliko ya tabianchi, hili ndilo linaloingia hadi jikoni. Kwa takwimu za serikali tunapoteza takribani hekta 469,000 za misitu kila mwaka, na mkaa, pamoja na kilimo cha kuhamahama, una sehemu yake kubwa katika hasara hiyo.

Ninachohofia ni njia tunayoitegemea zaidi: kugawa mitungi ya gesi ya kilo 6, kwa ruzuku au bure kabisa, kisha kuhesabu mitungi iliyogawiwa kana kwamba ndiyo mafanikio.

Simama jioni kwa muuza mkaa yeyote wa uswahilini Dar es Salaam. Mama anakuja na pesa ya siku hiyo, iliyobaki baada ya kununua unga na dagaa. Anapimiwa kopo moja au mawili, anaenda kupika, kesho anarudi. Mtungi anao nyumbani, tena mzuri, ila gesi iliisha, na kuujaza kunataka zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Usimwambie kwamba kwa mwezi mzima mkaa unamla pesa nyingi. Anajua. Kipato chake kinakuja kwa siku, na mkaa ndio unaokubali kununuliwa kwa siku.

Halafu gesi yenyewe tunaiagiza kwa meli kutoka nje, na ikiungua inatoa hewa ukaa. Ni afadhali mara nyingi kuliko mkaa wa miti isiyopandwa tena, lakini tusiifanye ndiyo mwisho wa safari.

Umeme tunao. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tayari inauzwa kwa simu, kidogo kidogo, kama mkaa unavyouzwa. Chukua presha kuka ya umeme ya wati 1,000. Hata ingewaka saa nzima bila kupumzika ingekula uniti moja tu, na haiwaki hivyo: presha ikishapanda inajizima na kuwaka yenyewe. Maharage, kande, makongoro, vyote vinavyomaliza mkaa kwa kuchemka muda mrefu, vinaivia humo. Ugali hausongwi kwenye presha, huo uende kwenye gesi, na kwa kuwa maharage hayapikiwi tena gesi, mtungi utadumu zaidi.

Kinachonikera ni bei. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2016, mteja mdogo wa daraja la D1 analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, mradi asizidishe uniti 75 kwa mwezi. Akizidisha, zile za ziada ni ghali zaidi, na akiendelea hivyo anahamishiwa daraja la T1, ambako uniti ni shilingi 292. Yaani mama wa kipato cha chini akiitikia wito na kuanza kupikia umeme, bei ya uniti inaweza kumpanda karibu mara tatu. Ndiyo maana watu wanaogopa kupikia umeme, na wana haki ya kuogopa.

Kwa hiyo fedha za ruzuku zigawanywe upya. Kikomo cha D1 kipandishwe kiingize na matumizi ya jikoni, presha kuka zikopeshwe na kulipwa kidogo kidogo kupitia LUKU, na gesi iuzwe kwa mita ili mtu alipie anayotumia. Kuhusu mitungi iliyokwisha kutolewa, wizara itutangazie ni mingapi imerudi kujazwa mara ya pili na ya tatu. Hiyo ndiyo takwimu ninayoisubiri.