Mzee Lloyd Richards na mchezo wetu wa usiku mmoja

Hapa New Haven, Marekani, kona ya mitaa ya Chapel na York, kuna kanisa la zamani la Wabaptisti lililogeuzwa ukumbi wa michezo ya kuigiza. Napita pale asubuhi nikitoka zamu, bado nina sare za kulelea wazee. Ndiyo Yale Repertory Theatre. Mwongozaji wa michezo Lloyd Richards aliiongoza kuanzia 1979 hadi 1991, huku akiwa mkuu wa shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale.

Mtoto wa seremala kutoka Jamaica, alizaliwa Toronto 1919, akakulia Detroit. Baba alifariki yeye bado mdogo, akang'arisha viatu vya watu ili nyumbani pachemke kitu. Chuoni alianza na sheria, akaiacha. (Kwetu angeitiwa kikao cha ukoo.) Mwaka 1959 akaongoza tamthilia ya A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry pale Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, enzi ambazo mwongozaji mweusi huko alikuwa adimu kama theluji Tanga.

Wengi humkumbuka kwa hilo. Mimi wivu wangu uko Waterford, kamji ka pwani, chini ya saa moja kwa gari kutoka hapa. Kila kiangazi tangu 1968, kwa miaka 30 na ushee, alisimamia pale mkutano wa waandishi wa tamthilia. Waigizaji wanasoma mbele ya watu, karatasi mkononi, mandhari ya kuungaunga. Mwandishi kakaa pembeni anasikiliza watu wanaanza kukohoa wapi. Anakwenda kukata na kushona mswada wake, kisha unasomwa tena. Mwandishi August Wilson alikataliwa miswada pale zaidi ya mara moja kabla hajapokewa. Fences yake ilisomwa Waterford 1983, ikachezwa New Haven 1985, ikafika Broadway 1987 na kumpa Richards Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway. Miaka minne, mchezo mmoja!

Mchezo wetu, niliouandika mimi kule nyumbani, tuliufanyia mazoezi wiki tatu chini ya mwembe, maana ukumbi ulikuwa na semina. Mgeni rasmi akachelewa saa mbili. Umeme ukakatika katikati, tukamalizia kwa tochi za simu, vigelegele vikapigwa. Kesho yake mbao zikarudishwa kwa fundi, basi.

Ila usiku ule, mchezo ulipofika ukurasa wa 14, mama mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Sasa huyu kaingilia wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Alikuwa sahihi kabisa. Huku watazamaji wananyamaza kama wako msibani, wanapiga makofi mwisho, wanachukua makoti. Msomaji mkali kama yule mama, Waterford wangemtafuta kwa tochi. Sisi tunaye bure, tusichokuwa nacho ni usiku wa pili.

Na msiniambie subira ni ya Wazungu. Miaka ya mwanzo ya 1980, Amandina Lihamba na Penina Mlama, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda Malya, Mwanza, wakaketi na wanakijiji, mchezo ukatoka kwenye mazungumzo yao wenyewe. Ujuzi upo. Ila kwetu hela za tamasha zinaishia kwenye fulana, mabango na chai ya mgeni rasmi. Nusu yake ingelipia ukumbi wiki mbili na nauli za waigizaji.

Ukurasa wa 14 nimeurekebisha mara tatu tangu nije huku. Yule mama sijui nitampatia wapi.