Hatua kumi ambazo simu haizijui

Kila ninapozungumza na ndugu zangu wa Mbeya, ombi moja hurudi: niwatumie "ile simu inayowaongoza wasioona", kwa kuwa wamesikia kwamba huku Uingereza mtu asiyeona hutoka nyumbani peke yake, hupanda basi, hufika kazini na kurudi bila kushikwa mkono na mtu. Ni kweli kwamba mimi hufanya hivyo. Nilipoteza uwezo wa kuona nikiwa na umri wa miaka 34 kwa sababu ya presha ya macho, na sasa ninaishi Sheffield, mji wa vilima na baridi ambao haukunisumbua sana kuuzoea, mimi niliyekulia chini ya Mlima Loleza. Lakini simu wanayoiomba haipo. Ninayoitumia ni simu ya kawaida, na programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack, ambayo wengi huku huitumia, imo tayari katika simu nyingi za Android zinazouzwa soko la Mwanjelwa, hukohuko Mbeya. Mtu huingia kwenye mipangilio na kuiwasha.

Simu hujua mahali nilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti za GPS, na hata mahali penye anga wazi hukosea kwa takribani mita tano. Dereva hawezi kuziona mita tano kuwa ni tatizo. Kwa anayetembea na fimbo nyeupe, mita tano zinatosha kumtoa kwenye njia ya waenda kwa miguu na kumweka katikati ya barabara, na mtaro wa maji ya mvua wenye upana wa nusu mita haumo kabisa katika hesabu hiyo. Penye majengo marefu kosa huongezeka, kwa sababu mawimbi hugonga kuta kabla ya kuifikia simu. Ndiyo maana programu zilizotengenezwa kwa uangalifu hazidai kumwonyesha mtu pa kukanyaga. BlindSquare, iliyotengenezwa Ufini na kutolewa mwaka 2012, husoma ramani huria ya OpenStreetMap na kumtajia mtu anachokikaribia: duka la dawa upande wa kulia, njia panda mbele, kituo cha basi baada ya mita hamsini. Fimbo nayo humwambia kilichopo hatua moja mbele yake. Kati ya hatua hiyo moja na zile mita za setilaiti kuna kipande cha kama hatua kumi ambacho simu haikijui na fimbo haijakifikia, na humo ndimo watu wanamovunjikia miguu.

Sheffield wamekishughulikia kipande hicho kwa vitu ambavyo havihitaji betri wala bando. Kwenye vivuko ukingo wa njia hushushwa, na mahali hapo huwekwa vigae vyenye vinundu ambavyo unyayo huvitambua hata ndani ya kiatu cha mvua. Penye ngazi huwekwa vigae vya aina nyingine, vyenye matuta marefu kama ya bustani ya viazi. Wazo hilo lilibuniwa na Mjapani, Seiichi Miyake, mwaka 1965, na vigae vya kwanza vikatandikwa mwaka 1967 katika mji wa Okayama, karibu na shule ya wasioona. Chini ya kisanduku cha kitufe cha taa za kuvukia kuna koni ndogo ya chuma ambayo wapita njia wengi wenye macho hawajapata kuijua: ukiishika nayo ikaanza kuzunguka, taa ya watembea kwa miguu ni ya kijani. Ndani ya mabasi mengi sauti hutaja kituo kinachofuata, na kanuni zilizotungwa mwaka 2023 zinawalazimisha wenye mabasi kufanya hivyo kwa awamu. Mimi hutembea juu ya kazi hiyo yote, na simu hunitajia tu majina ya mitaa ninayoipita.

Desemba iliyopita nilikuja nyumbani na simu ileile, fimbo ileile na mafunzo yaleyale, nikatoka kituo cha daladala cha Kabwe kuelekea Soko la Mwanjelwa nikiwa na binti wa dada yangu. Simu ilijua kwamba tuko Mbeya, ilijua jina la barabara kuu, na baada ya hapo haikuwa na la kusema. Njia ya waenda kwa miguu ilikuwepo kwa hatua kadhaa, kisha ikawa meza ya nyanya, kisha bodaboda zilizoegeshwa, kisha mtaro usio na mfuniko. Binti aliniambia kwa mapenzi yote, "Mama mdogo, kuna mtaro, ruka!" Sikujua mtaro ni mpana kiasi gani, wala upande wa pili ni wa juu au wa chini, niliruka, nikatua ukingoni, nikateleza na kuingia humo kwa mguu mmoja hadi gotini. Simlaumu hata kidogo. Hakuna aliyemfundisha kwamba anayeona hutangulia nusu hatua, asiyeona akamshika juu kidogo ya kiwiko, na kwamba maneno yanayofaa ni kipimo na mwelekeo: hatua moja kubwa, kisha ardhi inapanda. Jambo hilo hufundishwa kwa saa moja, na huko kwetu lingefaa kuliko simu kumi ambazo ningeweza kuzituma.

Hata hivyo ningekosea kuwaaminisha wasomaji kwamba huku kila kitu ni bora, kwa sababu yapo mambo ambayo Mbeya inayafanya vizuri bila kujua kwamba inayafanya. Nikiwa kituoni Sheffield, basi hufika likiwa na namba yake kwenye bango la mbele, na bango halisemi; sauti ipo ndani, baada ya kupanda, kwa hiyo kujua ni basi lipi nilipande hubaki kuwa juu yangu, na mara nyingi hunyoosha mkono kwa kila basi na kumuuliza dereva. Kabwe hali ni tofauti. Konda hulitangaza gari lake kabla halijasimama, "Uyole, Uyole, Uyole!", na ndani huuliza, "Ilomba wapo?", abiria wakajibu, "Wapo!" Asiyeona husikia gari linakokwenda, husikia kituo kinachofuata, na husikia kama kuna wengine wanaoshuka ambao anaweza kuwafuata. Bajaji nayo husikika toka mbali na upande inakotokea hutambulika, wakati magari ya umeme yaliingia barabarani Ulaya yakiwa kimya kiasi kwamba Umoja wa Ulaya, kuanzia mwaka 2019, ukalazimika kuyataka ya aina mpya yatoe sauti ya kutengenezwa yanapokwenda polepole.

Kinachonisumbua ni kwamba faida hizo zetu zinategemea bahati. Konda akiwa amechoka, au spika za muuza CD zikiwa juu, au ukiwa umepita wakati ambao mtu mwema angekushika mkono, hakuna kingine cha kutegemea. Ninawajua wasioona wa Mbeya na Iringa, watu wazima wenye elimu na kazi, ambao ratiba ya siku yao hupangwa na mtoto wa jirani: akiwa shuleni, wao wako ndani. Hali iko hivyo ingawa Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 20 inahusu hasa uwezo wa mtu kutembea kwa uhuru, kisha mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu.

Ndiyo maana nashikilia kwamba wakati wa kusema ni sasa, wakati barabara kuu inayopita Mbeya, kati ya Nsalaga na Ifisi, inapanuliwa kuwa njia nne. Mfuniko wa mtaro na ukingo ulioshushwa kwenye kivuko hugharimu kidogo vikiwekwa pamoja na barabara, na hugharimu sana vikikumbukwa baada ya lami kukauka. Barabara ya njia nne isiyo na taa zenye sauti kwenye vivuko itakuwa ukuta kwa asiyeona, kwa kuwa mngurumo wa malori ya Tunduma hufunika kila sauti ambayo angeitumia kukadiria nafasi ya kuvuka.

Ramani inaweza kutengenezwa na sisi wenyewe. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na kuna programu ya NaPA inayohifadhi anwani hizo. Vibao vyenyewe havimsaidii asiyeona, lakini anwani ikisomwa na simu humsaidia mno. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi na wakazi kuchora mitaa na mitaro kwa ajili ya mafuriko, na mtaro uliochorwa kwa ajili ya maji ni uleule ambao fimbo yangu huutafuta. Ningependa kazi ya Mbeya iwekwe kwenye ramani huria, kwa sababu nimeonja hatari ya kutegemea kampuni moja: Microsoft ilitoa Soundscape, programu ya kuwaelekeza wasioona kwa sauti, mwaka 2018, tukaizoea, kisha ikaifunga mwaka 2023, na imeendelea kuishi kwa sababu tu msimbo wake uliachwa wazi kwa wengine.

Nitarudi Desemba. Binti wa dada yangu ameshapakua programu ya kuchorea ramani, na tumekubaliana kuanza na kipande kilekile cha Kabwe hadi Mwanjelwa: yeye atatangulia na kuandika kila mtaro, upana wake na kama una mfuniko, nami nitapita nyuma yake kwa fimbo nikisikiliza simu, nijue kama alichoandika kinatosha kunivusha.