Mji mdogo uongozwe na nani: meya wa kuchaguliwa au meneja wa kuajiriwa?

Mji mdogo una kazi zilezile za jiji kubwa. Maji yatoke bombani, maji taka yasirudi majumbani, taka zizolewe kwa siku iliyotangazwa, kibali cha ujenzi kitolewe bila mwombaji kuzungushwa. Tofauti iko kwenye watu. Jiji kubwa lina wahandisi wa kila fani na mawakili wake, ilhali mji wa watu elfu thelathini unaweza kuwa na mhandisi mmoja, mhasibu mmoja na wakili wa kukodi. Mmoja wao akiwa mzembe au akiwa amepewa kazi kwa kujuana, hakuna wa kumfunika, na mji mzima unaumia. Kwa hiyo suala la nani anawaajiri na kuwasimamia watumishi hao linamgusa mkazi moja kwa moja, hata kama hajawahi kuhudhuria kikao cha baraza.

Mifumo inayoshindana ni miwili. Katika wa kwanza, wananchi wanamchagua meya, naye ndiye mtendaji mkuu: anateua wakuu wa idara, anaandaa bajeti na pengine ana haki ya kukataa maamuzi ya baraza. Katika wa pili, wananchi wanachagua madiwani, nao madiwani wanamwajiri meneja mwenye taaluma ya utawala wa miji. Meneja ndiye anayeongoza watumishi. Meya anakuwa mwenyekiti wa vikao na sura ya mji kwenye hadhara. Kwa miji midogo nauunga mkono huu wa pili, ila naona watetezi wake wengi wanaupamba kupita kiasi.

Mfumo wa meneja ulizaliwa Marekani, na ulizaliwa kutokana na shida. Mwaka 1900 kimbunga kiliuharibu mji wa Galveston, Texas, na kuua watu wasiopungua 6,000. Ili kuujenga upya, mji uliweka tume ya watu watano, kila mmoja akishika idara yake. Mwanzoni kazi ilikwenda kwa kasi na miji mingine ikaiga. Baadaye kasoro ikajitokeza: kila kamishna alilinda idara yake, na waliopitisha bajeti ndio hao hao walioitumia. Wakati huohuo Staunton, mji mdogo wa Virginia, ulijaribu njia nyingine mwaka 1908 kwa kumwajiri meneja mkuu wa shughuli za mji. Sumter, South Carolina, ukaandika mfumo huo rasmi mwaka 1912. Machi 1913 mafuriko yakaizamisha Dayton, Ohio, na kufikia mwanzoni mwa 1914 Dayton nayo ilikuwa na meneja. Naitaja historia hii kwa sababu moja: watu hawakufika hapo kwa kusoma nadharia. Walikuwa wameona mitaro ikishindwa, na wakataka anayejua mitaro.

Faida kubwa ya mfumo wa meneja, kwa maoni yangu, ni namna unavyoitenganisha huduma anayopata mkazi na kura aliyopiga. Mama anayefuatilia bomba lililopasuka hapaswi kuulizwa alimuunga mkono nani mwaka jana. Chini ya meya mwenye madaraka yote, mkuu wa idara ya maji anajua kwamba mkate wake uko mikononi mwa mwanasiasa, na mwanasiasa anajua ni mitaa ipi ilimpa kura. Si kila meya anaitumia nafasi hiyo vibaya, lakini nafasi ipo. Katika mfumo wa meneja, hati nyingi za miji, yaani sheria mama za kuiendesha, zinamkataza diwani kumwagiza mtumishi yeyote moja kwa moja. Lazima apitie kwa meneja. Madiwani wapya hulalamika kwamba katazo hilo linawafunga mikono. Naona ni mojawapo ya vifungu vyenye busara zaidi katika sheria za miji, kwa kuwa fundi aliyepewa maagizo na madiwani saba atamtii yule mwenye sauti kubwa.

Hata hivyo, mfumo huu umewahi kuanguka kwa kishindo. Bell ni mji mdogo wa California ulio kando ya Los Angeles, wenye wakazi wapatao 35,000, wengi wao wa kipato cha chini. Ulikuwa na baraza na ulikuwa na meneja, kama vitabu vinavyotaka. Mwaka 2005 ilifanyika kura maalumu ya kuupa mji hati yake yenyewe, na watu waliojitokeza hawakufika 400. Hati hiyo iliwatoa madiwani kwenye ukomo wa malipo uliowekwa na sheria ya jimbo. Julai 2010 gazeti la Los Angeles Times likafichua kwamba meneja, Robert Rizzo, alikuwa analipwa mshahara unaokaribia dola 800,000 kwa mwaka, na kwamba wengi wa madiwani, ambao kazi yao haikuwa ya kutwa, walikuwa wanapata karibu dola 100,000 kila mmoja. Machi 2011 wananchi wakaliondoa baraza kwa kura. Mwaka 2014 Rizzo akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Wapinzani wa mfumo wa meneja huitaja Bell kila mara, na wana haki. Mantiki yote ya mfumo inategemea uzi mmoja: baraza limsimamie mwajiriwa wake. Baraza likinunuliwa, au likiwa halielewi hesabu linazosomewa, uzi umekatika, na mwananchi hana pa kushika. Hawezi kumpigia meneja kura ya kumkataa. Anaweza tu kuwaondoa waliomwajiri, jambo linalohitaji muda, na kabla ya hapo linahitaji mtu wa kumwambia kinachoendelea. Katika mji mdogo mara nyingi hakuna gazeti, na vikao vya baraza huhudhuriwa na watu wale wale wachache. Wakazi wa Bell waligundua kwa sababu mji wao uko jirani na jiji lenye gazeti kubwa.

Upande wa meya wa kuchaguliwa una mfano wake mzuri, na unatoka mahali ambapo wachambuzi hawakutarajia. Mwaka 2002 Hartlepool, mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, ulimchagua Stuart Drummond kuwa meya wake wa kwanza wa kuchaguliwa moja kwa moja. Alijulikana kwa kuvaa vazi la nyani kwenye mechi za timu ya mpira ya mji huo, na wengi walichukulia ushindi wake kuwa ni dharau ya wapiga kura kwa siasa. Lakini wapiga kura hao hao, wakiwa wameshamwona kazini, walimrudisha mwaka 2005 na tena 2009. Walikuwa na mtu mmoja wanayemjua kwa jina, wa kumsifu au kumlaumu, na hilo ni jambo ambalo meneja hawezi kuwapa. Pamoja na hayo, nyuma yake walikuwapo watumishi wa kitaalamu wa halmashauri, na Novemba 2012 wananchi walipiga kura kuifuta nafasi yenyewe.

Ujerumani ndiyo inayonitia mashaka zaidi juu ya msimamo wangu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliokuwa wakitawala kaskazini magharibi mwa nchi hiyo waliacha mfumo wenye vichwa viwili: meya wa heshima na mkurugenzi wa mji aliyeajiriwa na baraza. Jimbo la Nordrhein-Westfalen liliufuta kwa sheria ya mwaka 1994, na tangu 1999 mameya huko wanachaguliwa na wananchi wenyewe. Lalamiko kuu lilikuwa kwamba mkazi hakujua nani hasa anawajibika. Waswahili tungesema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kusini, jimbo la Baden-Württemberg lina meya wa kuchaguliwa kwa miaka minane, anayeongoza baraza na watumishi kwa pamoja, na miji yake midogo inasifiwa kwa utendaji.

Kwa nini basi nisiwafuate? Kwa sababu wengi wa mameya hao wa Baden-Württemberg ni watu waliosomea utawala, wakiwemo wahitimu wa vyuo vya Kehl na Ludwigsburg, na wapiga kura wao wamezoea kuuliza sifa kabla ya chama. Kwa hiyo wamempata meneja kupitia sanduku la kura. Nchi isiyo na vyuo hivyo wala mazoea hayo ikinakili sheria yao, itapata madaraka makubwa ya meya bila ule ujuzi uliofanya yasiwe hatari.

Kuna njia ya tatu ambayo mjadala huu huisahau: mtaalamu anayeletwa kutoka juu. Tanzania ina madiwani wa kuchaguliwa, nao wanamchagua meya miongoni mwao, lakini mkurugenzi wa manispaa huteuliwa na Rais. Kenya, tangu mabaraza ya miji yalipoondoka na ugatuzi wa 2013, inaendesha manispaa kwa bodi inayoteuliwa na gavana, pamoja na meneja, chini ya Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011. Hoja ya utaratibu huu inaeleweka: mji mdogo hauna uwezo wa kumvutia mtaalamu mzuri, na mtu wa kutoka nje hana ndugu wa kuwapendelea kwenye zabuni. Ila mtumishi humsikiliza aliyempa kazi. Diwani anayehoji hesabu mbele ya mtendaji ambaye baraza haliwezi kumwachisha kazi anabaki kuuliza maswali tu, na kati ya njia zote tatu hii ndiyo inayomweka mkazi mbali zaidi na anayeamua lini taka za mtaa wake zizolewe.

Meneja ninayemtaka, basi, ni wa kuajiriwa na baraza, na baraza liweze kumwondoa kwa kura ya kawaida ya wengi. Mkataba wake na malipo yake yote, pamoja na posho na pensheni, yabandikwe mahali pa wazi kabla ya kusainiwa. Mkaguzi wa hesabu asiteuliwe na meneja. Uchaguzi wa madiwani na kura za maoni za mji zifanyike siku moja na uchaguzi mkuu, maana kura za kipekee huwavuta wachache, na Bell ilionyesha wachache hao wanaweza kuidhinisha nini. Madiwani nao wapewe mafunzo ya kusoma bajeti mara tu wanapoapishwa, kwa fedha za mji, na yafundishwe na mtu asiye chini ya meneja.