Andazi Moja Katika Mita Sita

Katika miaka miwili niliyojifunza kazi ya ukurugenzi wa sanaa kwenye kampuni moja ya matangazo mjini Kampala, jamaa zangu wa Bombo waliamini kwamba nachora picha za wanasiasa, nami sikuwa na maneno ya kuwatoa katika imani hiyo. Mkurugenzi wa sanaa ndiye anayeamua tangazo litaonekanaje: picha ipi itumike, herufi ziwe za umbo gani, kipi kikae wapi na kipi kiondolewe kabisa. Makerere, ambako Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa mwaka 1937, sikupata nafasi, kwa hiyo nilijifunza kwa kusimama nyuma ya kiti cha mwalimu wangu, mtu mpole aliyeweza kuitazama karatasi nusu saa nzima kisha akatamka neno moja tu: "Punguza."

Imani yake yote ilijengwa juu ya tangazo moja la Marekani la mwaka 1959. Helmut Krone, mkurugenzi wa sanaa wa kampuni ya Doyle Dane Bernbach, aliweka picha ndogo ya gari la Volkswagen upande wa juu wa ukurasa, akaacha weupe mtupu kulizunguka, na mwandishi Julian Koenig akaleta maneno ya chini pamoja na kichwa chake, "Think small." Mwalimu alitusimulia habari hiyo kama wazee wanavyosimulia habari za vita walivyopigana wenyewe. Nilipojaribu kukitia kichwa kile katika Kiswahili nilipata "Fikiri kidogo", na lau ningelisikia onyo lililokuwamo humo, kisa hiki kisingekuwapo.

Ili nipandishwe kutoka uanafunzi nilitakiwa kuonyesha mkoba wa kazi zangu, na walau moja iwe imetundikwa mbele ya watu, kwa mteja aliyelipa fedha zake. Mteja niliyempata ni shangazi yangu, ambaye huuza chai na maandazi kando ya barabara ya Gulu, mahali ambapo madereva wa malori yaendayo Sudan Kusini hupenda kusimama. Alinipa fedha za bango la plastiki la mita 3 kwa mita 2, na kwa kuwa wapiga chapa wa Nasser Road hutoza kwa mita ya mraba, alijua vizuri kwamba amenunua mita 6.

Nililipiga picha andazi moja tu, kwa mwanga wa asubuhi, likiwa bado linatoa moshi. Nikaliweka juu kushoto, kubwa kiasi cha shubiri, na kwingineko kote nikaacha weupe. Inasemekana, na mwalimu hakuchoka kulirudia hilo, kwamba ni Bill Bernbach, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ile ya Krone, aliyewazoesha watu wa fani hii kuwaketisha mkurugenzi wa sanaa na mwandishi wa matangazo meza moja, ili mmoja amzuie mwenziwe asipotee. Mimi sikuwa na mwenzangu wa kunizuia. Maneno niliyaandika mwenyewe saa saba ya usiku: "Moja linatosha."

Kijana wa mashine kule Nasser Road alinipigia simu mara tatu, akidhani faili limefunguka vibaya na vitu vingine vimepotea njiani. Mara ya tatu alijitolea kunitilia maua ya waridi kwenye pembe zote nne, bure kabisa, kwa sababu roho ilikuwa ikimuuma. Nilimkatalia kwa sauti ya mtu anayemjua Krone.

Tulilitundika siku ya Ijumaa. Shangazi alilitazama kutoka kushoto, akalitazama kutoka kulia, kisha akainua upindo wa bango kuona kama nyuma kuna kitu.

"Mwanangu," alisema, "nimelipia mita 6. Andazi limekalia shubiri moja. Hizo nyingine nimenunua nini?"

"Umenunua nafasi, shangazi. Nafasi ndiyo inayolipa andazi heshima."

"Na haya maneno, nani alikutuma uwaambie watu kwamba moja linatosha? Nikiuza mojamoja, jioni nitalala na sinia langu."

Ilinibidi nimweleze habari za Krone, gari lile dogo, na kichwa chake. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Fikiri kidogo," alirudia. "Basi hapo sina neno. Umefuata sawasawa."

Jumatatu lori moja lilisimama ghafla mbele ya kibanda, dereva akashuka polepole, akavua kofia, akamshika shangazi mkono kwa mikono yake miwili na kumpa shilingi 5,000. Yalikuwa mabugo, kama Waganda wanavyoita rambirambi ya fedha, maana kutoka kwenye usukani wake alichoona ni kitambaa kirefu cheupe kimetandazwa mbele ya nyumba ya watu, akajua hiyo ni sanda au mlango wa msiba. Baadaye mchoraji mmoja wa mabango, ambaye hakuwahi kusikia jina la Bernbach, alinifundisha kanuni yao ya kawaida: kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi. Herufi zangu zilikuwa za sentimita 5, kwa hiyo zilisomeka vizuri sana kwa mtu aliyesimama mita 6 kutoka bangoni, yaani shangazi mwenyewe na mbuzi wa jirani. Krone alikuwa akimtengenezea tangazo mtu aliyekaa kitini na gazeti mkononi; mimi nililichukua lilivyo nikamwekea mtu anayekwepa mashimo. Hilo halikunijia akilini hata mara moja, ingawa barabara ile naipita tangu utotoni.

Nilirudi Kampala na picha niliyoipiga kwa karibu sana, ambamo bango lilionekana la fahari. Mwalimu aliikodolea macho nusu saa na hakusema "Punguza." Badala yake alisema anataka kwenda kuliona kwa macho yake. Nilimzuia kwa wiki tano, kwa mvua, kwa homa na kwa harusi mbili, hadi visingizio vikaniishia.

Tuliposhuka kwenye taksi sikulitambua bango. Shangazi, ambaye hajapata kuacha kitu alicholipia kikae bure, alikuwa amepangisha nafasi kwa shilingi 10,000 kwa mwezi. Fundi wa simu alikuwa amepata kipande cha katikati, mwuza kuku wa mayai alikuwa chini yake, fundi cherehani alikuwa amejichorea gauni lenye mikono mitatu, na katika ukingo wa kulia palikuwa na tangazo la mbuzi aliyepotea, pamoja na sifa za tabia yake. Lakini mpangaji wa maana alikuwa mng'oa meno. Yeye alikuwa amechukua pembe ya juu kushoto, na mchoraji wake, ili asipoteze rangi, alikuwa ameliongezea andazi langu mizizi miwili myeupe, likawa jino bovu. Maneno "Moja linatosha" aliyaacha yalivyokuwa, na kwa upande wa sarufi sikuwa na hoja ya kumshtaki.

Mwalimu alisimama mbele ya bango mikono nyuma, akalitazama. Chai aliyoletewa ikapoa. Malori mawili yakapita, na la pili likapunguza mwendo, dereva akasoma namba ya mng'oa meno kwa sauti na kuiandika. Mwishowe mwalimu alikohoa.

"Punguza," alisema.

Shangazi aliweka sinia chini, akamtazama kuanzia viatu hadi miwani, kisha akanigeukia mimi.

"Haya, kwa kuwa ni mwalimu wako, alete 8,000. Lakini alipe leo, maana imebaki nafasi moja tu na mtu wa matairi amekwisha kuiulizia."