Kiti cha mninga kimekukosea nini?

Jumamosi nilikuta mbuzi ya nazi inauzwa kwenye soko la vikorokoro hapa Eskilstuna, Sweden. Ndiyo, mbuzi yenyewe hii ya kukalia na kukunia, ila imepakwa rangi ya samawati mpaka miguuni, kile chuma chenye meno wamekichomoa, na juu yake wameweka chungu cha maua. Kikaratasi kimeandikwa kronor 450, yaani zaidi ya shilingi laki moja za kwetu Tanzania. Mwenye meza, mama mtu mzima, akaniambia baba yake aliileta kutoka Kibaha, alikofundisha miaka ya 60 wakati wa ule mradi wa nchi za Nordiki, yaani Sweden na jirani zake. Akaniuliza kama nakijua "kigoda" hiki.

Nakijua! Damu ilinichemka, nisiwafiche. Mbuzi bila meno ni nini jamani? Lakini nilipokuwa narudi kwenye basi hasira ikageuka ikaanza kuwaelekea watu wa nyumbani. Maana mbuzi ya mama iko wapi, kule Tanga? Iko uani, nyuma ya pipa la maji, mguu umefungwa waya, na hodi ikisikika mtu anaisukuma kwa mguu iingie chini ya meza ya vyombo mgeni asije akaiona. Hata siku mgeni mwenyewe amekuja kula wali wa nazi.

Hapo ndipo ninapotaka kusemea. Sisi kutumia tena vitu vya zamani hatujafundishwa na mtu. Kopo la mafuta ya kupikia limekuwa chungu cha mrehani, limekuwa kipimo cha mchele, limekwenda kwa mafundi bati wa Gerezani, Dar es Salaam, likarudi koroboi. Tairi limekuwa makatambuga, lililobaki likapakwa chokaa likapandwa maua mlangoni. Kanga imeanza mtoko, ikawa ya jikoni, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikamalizia maisha kwenye dekio. Sweta zimefumuliwa, nyuzi zikashonewa kwenye gunia likawa zulia. Nani wa kutufundisha sisi? Ila vyote hivyo mwisho wake uani. Sebuleni ni marufuku. Sebuleni ni kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kuonja chai, na sofa ambalo nailoni yake mtu anaona uchungu kuitoa.

Huku ni kinyume, na ndicho kinachonifurahisha na kuniudhi kwa pamoja. Mtu akikukaribisha kwake, anakupeleka kwanza kwenye alichookota. Mwenzangu mmoja kazini ana chujio kubwa la bati amelipaka manjano, akalitoboa, akalitundika juu ya meza yake kuwa taa. Droo za kabati lililokufa amezipigilia ukutani, moja nyekundu, moja kijani, zimekuwa rafu za vitabu. Na anakutajia bei kwa majigambo, ila majigambo yenyewe yanakwenda chini: "Hii kronor 20! Hii nilipewa bure!" Kwetu mtu akisifiwa gauni anaongeza sifuri.

Hapa mjini pana jengo linaitwa ReTuna, limefunguliwa mwaka 2015, liko ubavuni mwa kituo cha kupokelea taka cha manispaa. Unafika na gari lako la takataka, unachotaka kutupa kinapokelewa, kinachofaa kinachambuliwa na kupelekwa kwenye maduka ya humohumo ndani, kinatengenezwa, kinapakwa rangi, kinauzwa. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuangalia maajabu hayo. Mimi nilipopelekwa mara ya kwanza nilitafuta maajabu yenyewe yako wapi. Nimekulia karibu na fundi bati.

Tena hizo nyumba nyekundu mnazoziona kwenye kila kalenda ya Sweden, rangi yake asili yake ni mabaki ya mgodi wa shaba wa Falun. Mgodi umefungwa mwaka 1992, rangi bado inauzwa. Yaani nyumba za mashambani nchi nzima zimepakwa kifusi, na hakuna aliyeona haya. Wameifanya ndiyo sura ya nchi.

Sasa naanza kuwasikia. "Huyu kaondoka juzi tu, leo anatufundisha kupanga nyumba." "Ameshiba, ndiyo maana anaona makopo ni mazuri." Kwenye group la ukoo binamu yangu ameshaniandikia kwamba kama napenda vichakavu kiasi hicho, nirudi tubadilishane. Sikilizeni basi. Mimi huku nafanya usafi wa zamu za usiku, sina cha kumringia mtu. Na wala sikusema Wazungu ni werevu. Haohao wanaotundika chujio kuwa taa ndio wanaotupa meza nzima kwa sababu wamechoka na umbo lake, wakanunua nyingine ya mbao za kubandika. Na mbuzi hawakuipenda mpaka walipoing'oa meno, hilo nalo lina maneno yake, tuliache.

Kinachoniuma ni viti vya mninga.

Marehemu baba alikuwa na makochi ya mbao, yale ya mikono mipana unayoweza kuwekea kikombe cha kahawa, yamechongwa na fundi wa Ngamiani kabla mimi sijazaliwa. Mninga, mti ambao mchwa wanaukwepa. Mito ilikuwa imechakaa, nakubali. Vanishi ilikuwa imekuwa nyeusi pale watu wanapoegemeza vichwa. Kaka yangu akayauza kwa jirani kwa bei ambayo naona aibu kuiandika, akakopa, akaleta sofa la ngozi bandia lenye umbo la L. Mnajua mwisho wake, wengi wenu mmelikalia hilo sofa. Masika mbili, joto la pwani, ngozi ikaanza kubanduka, vipande vinaganda kwenye mapaja ya wageni. Ndani ni mbao za makasha. Jirani naye amebadilisha mito tu, akaiweka kitambaa cha kitenge, na anayakalia makochi ya baba yangu mpaka leo. Jirani, kama unasoma hapa, hongera, na ukichoka nayo nitafute mimi kwanza.

Methali ya mbachao na msala upitao wote tunaijua, ila tunaisemea ndoa tu. Mbachao wenyewe tumeshautupa.

Halafu wapite na kipaza sauti: tunanunua vyuma chakavu, betri mbovu! Pasi ya mkaa yenye jogoo kwenye kifungio inapimwa kwa kilo pamoja na misumari. Tranka la bweni, lile la bati lililopakwa kijani na jina lako kwa brashi nyeupe, linakwenda kwa bei ya soda. Huku tranka la namna hiyo linawekwa katikati ya sebule, linapakwa rangi ya chungwa, ndiyo meza ya kahawa, na blanketi za baridi zinalala ndani. Ninalo moja, nimelitoa sokoni, limechorwa jina la mwanajeshi nisiyemjua.

Kuna anayesema mapambo ya vitu vikuukuu si utamaduni wetu. Huyo namwomba apande daladala mpaka Kunduchi kwenye magofu, akaangalie makaburi ya nguzo yaliyopachikwa sahani na bakuli za Kichina. Vyombo vya mezani hivyo! Akitoka hapo asafiri mpaka Lamu, aangalie zidaka, vile vishubaka kwenye kuta za nyumba za kale, safu juu ya safu, vimetengenezwa makusudi vionyeshe vyombo vya ndani. Watu wa pwani hii walijua karne nyingi nyuma kwamba bakuli likipata pa kukaa linakuwa pambo. Na Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alichorea nini? Vipande vya mbao za dari na rangi ya baiskeli. Akafariki mwaka 1972, na hadi leo ndege na chui wake wanapigwa picha na kila mtalii, wamehamia hadi kwenye masinia. Msiniambie mimi si utamaduni wetu.

Lipo jibu moja tu lililonishinda, na limetoka kwa mama. Nilimpigia kumweleza habari ya vyerehani vya zamani, kwamba huku miguu yake ya chuma wanaiwekea ubao au marumaru juu, wanywe kahawa. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, "Na wa kushona anashonea wapi?" Cherehani chake kipo barazani, kila Januari kinashona sare za shule za mtaa mzima. Kwake si cha zamani, ni cha jana na cha kesho. Akaniambia pia kwamba mwanamke aliyepikia makopo miaka yote, siku akipata kikombe kipya cha kioo muacheni akifungie kabatini akitazame. Hapo sina ubishi. Haki yake.

Lakini kaka hakupikia makopo! Kaka alikalia mninga maisha yake yote. Na binamu yangu wa kwenye group anayesema dhiki, dhiki, amenunua ua la plastiki kwenye chungu cha plastiki kwa pesa ambayo ingemtosha msasa, robo ya rangi na brashi mbili, na tenga la embe lingekuwa rafu ya viatu. Sasa dhiki iko kwa nani?

Eti wageni watatucheka. Wageni gani? Hao waliogandwa na ngozi ya sofa? Mimi mito yangu nimeivalisha kanga za mama zilizochoka, jina liko katikati palepale, na Mswidi wangu wa kazini anakuja kukalia "Hasidi hana sababu" huku akisifia rangi. Sijamtafsiria.

Haya. Vimebaki vigoda viwili na meza ndogo ya baba, viko stoo, dada anajua. Nimeshatuma hela, visiuzwe. Na dada, nimeona picha uliyotuma ya lile kopo la rangi: usiipake juu ya vanishi ya zamani hivyohivyo, itabanduka kabla hata sijafika. Msasa kwanza, mpaka mbao ionekane. Mguu ulioliwa na maji mpelekee fundi, asiuguse mtu mwingine. Miguu iwe nyekundu, juu paache mninga wenyewe.