Usijaze upepo ukiwa bado ndani

Juzi nilipanda ndege ya asubuhi kutoka Mwanza kwenda Dar. Mhudumu amesimama na jaketi okozi shingoni, anaonyesha kamba ya kuvuta, na kijana wa kiti cha pili anaongea na simu. Nikamgusa bega. "Mama," akaniambia, "injini zikizima huko juu, hilo jaketi litasaidia nini?" Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka.

Litasaidia, mwanangu, ukijua kulitumia. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa iliishiwa mafuta, injini zote mbili zikazima, na rubani Leul Abate akaishusha baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Wamo waliosalimika kishindo chenyewe, lakini walikuwa wamejaza jaketi upepo wangali ndani. Maji yalipoingia, jaketi zikawainua mpaka darini na kuwabana huko. Mwenye jaketi lililojaa hawezi kuzama kuufuata mlango ulio chini yake. Walikufa na kiokozi shingoni! Hilo ndilo linaloniumiza kila ninaposikia watu wakipiga soga juu ya sauti ya mhudumu.

Na sisi wa Mwanza, kweli tunahitaji kuelezwa maana ya kunaswa ndani ya maji? Mwaka huohuo, tarehe 21 Mei, meli ya MV Bukoba ilipinduka ziwani tukiwa tunaisubiri hapa nyumbani. Wapo walioachwa ndani, wakisikika wakigonga bati.

Eti injini zikizima basi tena. Si kweli. Agosti 2001 ndege ya Air Transat ilivujisha mafuta juu ya Atlantiki, injini zote zikazima, ikateleza hewani hadi visiwa vya Azores. Watu wote 306 walishuka hai. Muda wa kuvaa jaketi upo.

Haya, si kila mara. Bukoba, Novemba 2022, ndege iliingia ziwani ghafla katika hali mbaya ya hewa. 19 walikufa, 24 wakapona, na wavuvi wetu ndio waliowahi kufika na mitumbwi.

Ombi langu kwa mashirika yote yanayorusha ndege juu ya ziwa hili: tangazo la Kiswahili lisikimbizwe. Lisomwe taratibu, na pale penye "usijaze upepo mpaka utoke mlangoni" parudiwe mara mbili, simu zikiwa zimezimwa.